Baiti Moja ya Ziada

Baiti mia mbili hamsini na saba. Kikomo ni mia mbili hamsini na sita, na kazi zinapokelewa mwisho saa sita mchana.

Teijo alikuwa ameshindana kuandika programu fupi katika ukumbi huu wa Oulu, Finland, miaka kumi na mmoja bila kushika hata nafasi ya tatu. Mwaka huu alikuwa na mawimbi ya nuru ya kaskazini yanayocheza kwenye skrini, yote kwa programu fupi kuliko ujumbe wa simu. Halafu baiti moja ndiyo ikamzuia.

Mervi, aliyekuwa naye kundi moja hadi walipokosana mwaka jana, akaja na mkate wa mdalasini.

"Bado na asembla kuukuu hiyo? Chukua yangu. Amri ni zako zilezile, ila inazigeuza kuwa namba za mashine kwa ufupi zaidi. Itatosha."

"Na yenyewe itakuletea nakala ya kazi yangu, siyo?"

"Teijo, bwana, una kichwa kigumu."

Hakugusa asembla wala mkate. Mpinzani gani anakulisha bure?

Saa tano na nusu alirudi kutoka chooni, flashi yenye kazi yake haipo mezani. Akapekua mifuko, begi, chini ya kiti. Upande wa pili Mervi ameinamia kompyuta yake, hata macho hainui. Saa sita ikafika, Teijo bado na baiti yake ya ziada.

Alasiri kazi zikaonyeshwa bila majina, kama ilivyo desturi: mwandishi akijitaja kabla ya matokeo ya kura za simu kutangazwa, kazi yake inafutwa. Ilipokuja ya saba, Teijo akaruka kutoka kitini. Mawimbi yake. Rangi zake. Watu mia sita wamesimama wanapiga makofi na miguu.

Mervi naye alikuwa amesimama, anamtikisia kichwa, kidole mdomoni. Sasa ndiyo anaogopa, Teijo akawaza, akapanda jukwaani na kunyakua kipaza sauti.

"Hiyo nimeandika mimi. Mwizi ni yule pale, Mervi."

Tuula, mwamuzi mkuu, akafungua fomu ya kazi ya saba, akaisoma, akashusha pumzi, kisha akamgeuzia Teijo aione.

Mwandishi: Teijo Rautio. Baiti: 256. Aliyewasilisha: Mervi.

"Ulikuwa unaongoza kwa mbali," Tuula akasema, akaifuta kazi hiyo kwa mstari.