Simu Yenye Vitufe

Muuzaji alianza na kamera, akaja kwenye redio, ramani na tochi. Bi Zuwena, ambaye macho yake sasa yaliona ukungu tu, alimwacha amalize.

"Sijauliza kama inapiga picha. Nimeuliza vitufe viko wapi."

Muuzaji akasukuma kioo cha simu kando. Kibodi ikachomoza, ka! Bi Zuwena akaipapasa kwa vidole vilivyopiga chapa ofisini miaka thelathini.

"Mama, hizi zimepitwa na wakati," alisema mwanawe, Shaweji. "Chukua ya kioo kitupu. Ukitaka kuandika, si mimi nipo?"

"Upo, ndiyo. Nilikwambia umwandikie mjomba wako kwamba nyumba siuzi. Jana kaja na mnunuzi, wanapima kuta zangu!"

Shaweji akajikuna shingo. "Nililainisha maneno tu, mama."

"Nani alikutuma uyatoe mifupa?"

Bi Zuwena akahesabu vitufe kwa kidole kuanzia pembeni, akabonyeza, akakosea, akafuta, akaandika tena. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Kisha akamgeuzia muuzaji simu.

"Nisomee. Usipunguze kitu."

Muuzaji akamtazama Shaweji kwanza, halafu akasoma: "Kaka, nyumba siuzi. Safari hii nimeandika mwenyewe."

"Naichukua," alisema Bi Zuwena. "Shaweji, laini yangu. Itoe kwenye simu yako."

Dole gumba lake lilikuwa tayari juu ya kitufe cha kutuma. Kiganja cha mkono wa pili alikinyoosha mbele ya mwanawe, kikakaa pale, wazi.