Ndege ya Watu Sita

Gervasi alikataa kupanda kwenye mizani.

"Sisafiri," alisema. "Nimekuja kuuliza neno moja, mbele za watu."

Ndege mpya iling'aa nyuma ya Bonaventura, msimamizi wa kiwanja cha Kigoma. Watu wa Katonga walikuwa wameizunguka, wakilipapasa bawa lake kama wanunuzi wa ng'ombe mnadani.

"Ni ukoo uleule," Bonaventura alikuwa akiwaeleza. "Ya kwanza ilibeba wanne. Hii ni mjukuu wake. Injini bado moja, ila ina nguvu zaidi. Inabeba sita, na mlango mpana wa machela."

"Mlango wa machela umekuja leo," Gervasi alisema. "Leonia yuko kaburini mwaka wa nne. Siku ile ya kwenda hospitali Tabora mlimpakia Bwana Maendeleo na tumbo lake, mke wangu mkamwacha juani. Ndio Ujamaa wenu huo. Ndugu wote sawa, ila kiti ni cha mkubwa. Kwa nini?"

Maneno hayo Katonga nzima ilikuwa imeyachoka. Hata paka, alizoea kusema, wana utu kuliko wakubwa: walimsindikiza Leonia nyuma ya machela wakilia, toka ufukweni mpaka kiwanjani.

Bonaventura alivua kofia.

"Mzee wangu, tumbo lile lilikuwa ugonjwa. Alikuwa anatapika damu. Na hata hivyo tulishusha sanduku lake, tukamvua na viatu. Mizani ikakataa. Mkeo na machela yake walizidisha kilo nne. Rubani akasema injini ni moja. Ikilemewa juu ya misitu ya Malagarasi, hakuna ya pili."

"Kilo nne. Si mngekata kwenye lile tumbo?"

Watu walicheka. Bonaventura hakucheka.

"Nilitaka kuuondoa mto wa mgonjwa. Ukanishika mkono, mzee. Ukasema mkeo si gunia, halazi kichwa kwenye mbao."

Gervasi aliitazama mizani, kisha akaitazama mikono yake.

Wagonjwa walikatazwa mizigo, lakini mtu wa Kigoma haendi ugenini mikono mitupu. Kilo tano za dagaa ambazo Gervasi alizishonea ndani ya mto ule, zawadi ya shemeji yake wa Tabora, ndizo walizokula waombolezaji.