Pazia la Ukumbi wa Michezo

“Rudi, uingie kwa mlango kama wenzako.”

Ildefonsa alikuwa ameshafika kwenye kiti chake. Aligeuka, akazunguka, akaingia kwa mlango, akaketi tena. Mwenyekiti Gozbert akaridhika. Alishastaafu ualimu, ila watu wote wa Mbuba bado aliwaona kama darasa la pili.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Tumekusubiri wewe tu.”

Kamati ya ukumbi wa michezo ilikuwa na kazi moja asubuhi ile: kuchagua pazia la kugawa ukumbi, huku wasichana wacheze netiboli, kule wavulana mpira wa wavu. Vitambaa viwili vya mfano vilikuwa mezani, na Scolastica, katibu asiyepiga kura, alikuwa ameviwekea jiwe juu. Kimoja kilikuwa velveti nyekundu, nzito. Kingine wavu wa nailoni.

Gozbert alitaka velveti. Aliwahi kuchungulia ukumbi wa namna hiyo dirishani huko Mwanza, na tangu siku ile amekuwa mtaalamu.

“Wavu ni wa kuvulia dagaa,” alisema. “Mgeni rasmi akija, tumwonyeshe wavu?”

“Lakini kwa wavu mwalimu mmoja anaona pande zote mbili,” alisema Wiston, mjumbe kutoka Ntobeye. “Halafu hiyo velveti ni nzito. Itaning'inia kwenye nini?”

“Hilo ni swali la fundi. Wewe ni fundi?”

Wiston hakubadili kura yake. Hiki kilikuwa kikao cha nne cha pazia, na mara zote wanaume hawa wawili walifungana kwa kura moja moja, kwa sababu Ildefonsa alikataa kupiga kura. Yeye alikuwa na shamba moja tu, na misimu miwili mfululizo hakupanda kwa sababu ya kamati hii. Mvua zilikuwa zimeanza. Msimu wa tatu ukimpita, watoto wake wanne watakula velveti.

“Leo nitapiga kura,” alisema. “Ila kwanza katibu aandike kwamba nimeruhusiwa kupanda maharage shambani kwangu.”

Gozbert alichekea puani. Watu wanazungumza maendeleo, mwanamke huyu anawaza maharage. Ndiyo shida ya kuchagua wajumbe wasiojua hata maana ya ajenda.

“Andika, Scolastica. Apande, apalilie, avune, ilimradi atuachie sisi mambo makubwa.”

Scolastica alimtazama, kalamu juu. “Niandike hivyo hivyo, mwalimu?”

“Hivyo hivyo. Kwani hujui kuandika?”

Akaandika. Gozbert akasaini bila kusoma, akagonga muhuri.

“Haya, mama. Kura.”

“Velveti.”

Gozbert alipiga makofi peke yake, akatangaza kwamba kikao kimefungwa na wajumbe wanaweza kwenda.

Ildefonsa hakwenda popote. Alisogeza kiti pembeni, akajifunga khanga kiunoni, akashika jembe alilokuja nalo, akaanza kulima palepale alipokuwa ameketi. Alipofika ukutani hakusimama. Aliulima nao, maana ulikuwa mstari wa chokaa tu, uliochorwa shambani kwake.