Kadi ya Hospitali

Kipimajoto kilisoma thelathini na tisa na nusu. Mgonjwa alimwonyesha kaka yake, seremala aliyebandikwa jina la Randa, lakini Randa hakukitazama. Alikuwa ameziba mlango, akichezea ufunguo wa gari.

"Kaka, daktari alisema mtu aliyetolewa bandama hangojei homa. Inaua kwa saa chache."

"Nani kakukataza kwenda? Kwanza nisikie. Wakikuuliza ilipasukaje, unasemaje?"

Meno ya mgonjwa yaligongana kwa homa. Mshono wa wiki tano ulimvuta tumboni kama kamba iliyokazwa.

"Nilianguka kwenye ngazi."

"Ngazi ipi? Karakana nzima haina ngazi, bwege we!"

"Ya... ya jirani. Niliazima."

"Haya, tena. Na usiongee kama mgonjwa."

Akasema tena, na tena, mpaka maneno yakawa yanateleza yenyewe. Randa akaridhika. Akamwinua, na mkono ule ule uliombamiza kwenye jiliwa ya kubania mbao sasa ukamshika kwapani, taratibu, hadi garini.

"Kadi ya hospitali umechukua?"

"Ninayo."

Ilikuwa mfukoni mwa shati. Muuguzi wa mapokezi huichukua kabla hajauliza lolote. Nyuma ya kadi hiyo, asubuhi homa ilipoanza, mgonjwa alikuwa ameandika kwa penseli nene ya kazini: *Sikuanguka. Kaka alinibamiza. Msimruhusu anirudishe nyumbani.*

Randa aliwasha gari, kisha akanyoosha mkono.

"Hebu ilete nikushikie. Usije ukaipoteza."