Lulu ya Saba

Siku hizi marehemu anaruhusiwa kuacha sauti yake katika mchezo mmoja tu wa kompyuta wa watoto, na mtoto akiumaliza, sauti inafutwa. Mama yangu, Bi Riziki, alichagua ule wa chini ya bahari. Ndiye kasa anayempa mwanangu Kauthar vidokezo. Nashukuru mno. Kila alasiri mtaa mzima umo sebuleni kwangu, kachori zinazunguka, na mama anawasuta watu kama zamani.

Umebaki mlango mmoja wa matumbawe. Unafunguka ukipanga lulu saba, kuanzia ndogo hadi kubwa. Mwezi wa nne huu, hatujaufungua.

"Anza na kubwa, Kauthar!" anapiga kelele jirani yangu Mama Shadya, mwalimu wa hesabu.

"Mwalimu mzima!" kasa anamcheka. "Ndiyo maana wanao walifeli."

Tunavunjika mbavu.

Jana alikuja mpangaji mpya, hajui hili wala lile, akaropoka, "Si mwanze na ile ndogo?"

Nyumba nzima ikamgeukia. Kauthar, miaka saba tu, akamtazama kwa huruma.

"Najua, anko. Nilijua tangu siku ya kwanza."

Akaiweka kubwa mwanzo. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo.

Safari hii kasa hakucheka. Alinigeukia mimi pale kwenye skrini.

"Mwanangu, mtaniweka hapa mlangoni mpaka lini?"

"Kachori bado zipo, mama," nikamjibu, nikaenda kukaanga nyingine.