Kona ya Mashine ya Kusaga

Asubuhi nzima Nasikiwa alikuwa akianguka, na baiskeli bado hajaigusa. Alikuwa amekaa juu ya jiwe pale kileleni, macho ameyafumba, kiganja kikikata kona hewani kama walivyofundishwa: kwanza ushuke mteremko wote kichwani, ufike kwenye utepe wa kumalizia mashindano, ndipo upande. Lakini kila kiganja kilipofika kona ya mashine ya kusaga, pale alipovunjika bega mwaka jana, kiliangukia mapajani.

"Umefika?" aliuliza kocha Mbaruku, aliyekuwa ameishikilia baiskeli yake.

"Nimefika."

"Nani alikuwa amesimama kwenye utepe?"

Nasikiwa akafumbua macho. Huo utepe hajawahi kuuona, hata kichwani.

Mshindani wa mbele yake akaachiwa, na kelele za watu zikapanda kutoka bondeni. Zamu iliyobaki ilikuwa yake.

"Nipe tu, kocha. Nakuomba."

"Nikupe ukajiue?"

Akafumba macho tena. Akateremka. Kona ilipokuja, kiganja kikaanza kuanguka. Safari hii, huko huko kichwani, akafunga breki, akashuka, akaikokota baiskeli kandokando ya ukuta wa mashine huku akilia, mpaka kona ikaisha. Kisha akapanda.

"Nimefika," akasema. "Watu wameshaondoka. Utepe uko chini, mbuzi anautafuna."

Kocha akaachia kiti cha baiskeli, Nasikiwa akapanda.

Filimbi ikalia. Kule chini vumbi la unga lilikuwa limetanda juu ya kona, na barabara haikuonekana.