Walinzi Wawili wa Nyumbu

Kanga alikuwa mlinzi wa nyumbu, akikaa juu ya kichuguu. Kila alipomwona Simba, aliwapigia kelele kuwaelekeza pa kukimbilia. Mwishowe akachoka. "Jamani, siku nikiugua mtaliwa wote." Wakamweka Kwale kwenye kichuguu cha pili.

"Ndugu yangu," Kanga alimwagiza, "Simba akitokea nami nimenyamaza, wewe lia."

Adhuhuri moja Simba alitokea Kanga akiwa anasali. Kwale akadhani mwenzake amekufa. "Kimbilieni mtoni!"

Kanga akamaliza sala, akamwona Simba. "Kimbilieni kilimani!"

"Mtoni, nimesema!"

"Mlinzi nani hapa, we mgeni wa juzi?"

Mama Nyumbu, mwenye ndama mchanga, alisimama katikati akihema. "Wanangu, nimfuate yupi?"

"Usihangaike, shangazi," alisema Simba, akija taratibu bila hata kukimbia. "Waache wamalizane." Akamchukua ndama.

Kanga alilia. "Ee Mola, nisamehe. Nilimfundisha kuanza, sikumfundisha kuuliza kwanza kama nipo. Na nilipomsikia, sikukubali kunyamaza."

Basi, ndugu, ukiweka walinzi wawili, weka na neno la kumnyamazisha mmoja.